Migono Iliyoachwa Mtoni

Nakumbuka harufu kwanza, mwanangu, kabla sijaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa harufu ya samaki waliooza majini, ikitujia juu ya mto Kilombero wakati kiangazi kilipokuwa kimeupunguza mto mpaka ukaonyesha mifupa yake. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo. Nimesoma vitabu kadhaa, na nimefundisha zaidi ya nilivyosoma. Lakini katika jambo uliloniuliza juzi, ulipokuja kunijulia hali kutoka kwako Viwanja Sitini, sijapata kitabu kilichonifundisha kuliko harufu ile.

Uliniuliza kati ya hawa wanaoutaka urais umchague nani. Sitakutajia jina. Jina ukipewa na mwingine huwa si chaguo lako, ni mzigo wake uliobebeshwa wewe. Nitakusimulia badala yake jinsi watu wa kijiji chetu walivyomchagua mkuu wa mitumbwi, enzi za Mwingereza, wakati neno kura lilikuwa bado geni vinywani mwetu.

Usiudharau mfano kwa udogo wake. Mkuu wa mitumbwi hakuwa na ofisi wala bendera, wala hakuwekwa na serikali; jumbe alikuwa na kazi zake, za kodi na mashauri. Lakini kila mwaka, mvua zilipokaribia, nusu ya kijiji ilivuka mto kwenda kulima mpunga ng'ambo, katika mbuga ambayo masika huigeuza kuwa ziwa. Huko watu walilala katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko mpaka wakati wa kuvuna. Maji yalipopanda kupita kiasi, mkuu wa mitumbwi ndiye aliyeamua kwamba sasa watu watoke. Alipita dungu hadi dungu akiita, na sheria ya wazee wetu ilikuwa moja: haondoki mbele ya dungu mpaka aitikiwe, na yeye huvuka wa mwisho. Basi aliyekabidhiwa ule upondo mrefu wa kusukumia mtumbwi mkubwa alikabidhiwa roho za watu.

Mzee Ngwila alikuwa ameushika upondo huo tangu kabla sijazaliwa. Mwaka ninaousimulia aliuleta barazani, akaulaza chini mbele ya watu wote.

"Macho yangu yameanza kunidanganya," alisema. "Na mtu anayedanganywa na macho yake asiwadanganye wenziwe kwamba anaona. Tafuteni mwingine."

Walijitokeza wawili. Wa kwanza aliitwa Benedikto. Huyu, mwanangu, alikuwa mtu wa kupendwa, nami nakuomba usinielewe vibaya: alistahili kupendwa. Aliwahi kumbeba mgonjwa mgongoni kutoka shambani mpaka hospitali ya misheni, akiimba njia nzima ili mgonjwa asikate tamaa. Penye msiba alifika wa kwanza, penye harusi aliondoka wa mwisho. Wa pili aliitwa Kasiani, mtu mkavu kama ukuni wa mwaka jana, ambaye hata shikamoo ya mtoto aliiitikia kana kwamba inamkatiza jambo. Alikuwa na mtumbwi wake mdogo, na ukimwazima kitu alikurudishia bila asante, ila alikirudisha.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni karibuni, nami kwa kawaida nisingekuwa na sauti katika shauri lile, kwa kuwa sikulima ng'ambo. Lakini dada yangu Tekla alilima. Mumewe alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, na desturi yetu ilitaka nyumba yake isemewe na kaka. Dungu lake lilikuwa la mwisho kabisa, kule mbuga inakogusana na matete, na mwaka ule angelala huko na mtoto wa kunyonya.

Alinifuata shuleni akiwa amembeba mgongoni.

"Kaka, nasikia Benedikto amekuchekesha jana mpaka ukatoa machozi."

"Ni kweli. Yule bwana ana maneno."

"Haya. Mimi maneno sitayalalia. Nitakuwa kule na huyu hapa mgongoni. Usinichagulie wa kunichekesha, kaka. Nichagulie wa kunirudia."

Nikamuuliza, nitamjuaje atakayerudi, kabla haijafika siku ya kurudi? Nikalipeleka swali lile kwa Mzee Ngwila, na jibu lake ndilo lililonipeleka mtoni.

Wakati wa kiangazi wanaume wetu walikuwa wakihamia kando ya mto kuvua. Walijenga kambi, wakasuka chanja za kukaushia samaki kwa moshi, wakatega migono, ile mitego ya fito inayofanana na kikapu chenye mdomo mpana na koo jembamba. Na ilikuwepo adabu ya kuhama kambi ambayo haikuandikwa popote. Anayeondoka huiacha chanja imesimama na mzigo wa kuni kavu chini yake, kwa ajili ya mgeni asiyemjua atakayefika amelowa. Na migono yote huitoa majini, kwa sababu mgono haujui kwamba mwenyewe ameshakwenda. Utaendelea kukamata, na samaki watakufa bila kumfaa mtu.

"Mtu akiingia kambini hutazamwa na wote," Mzee Ngwila aliniambia. "Akitoka hatazamwi na yeyote. Nendeni mkamtazame pale. Wote wawili, si mmoja. Na uende na mtu ambaye hafikiri kama wewe."

Ndivyo nilivyosafiri na Omari, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekuwa na duka upande wa Kibaoni. Baba yake alitoka pwani, na Omari alikuwa na ulimi wa baba yake. Alikuwa upande wa Benedikto waziwazi, wala hakuficha; mimi, tangu Tekla aliponijia, nilielemea kwa Kasiani.

"Mwalimu, shika kasia kama mwanamume," alinitania tulipoingia majini. "Unalishika kama chaki. Utaandika 'a' mpaka tufike lini?"

"Wewe piga makasia, acha kuhesabu makosa yangu."

"Nihesabu nini tena? Hesabu si yako wewe?"

Tulifika kwanza kambi ya Kasiani. Chanja ilikuwa imesimama. Kuni zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya mgomba na kufunikwa nyasi, umande usizipate. Migono ilikuwa juu ya mti, mikavu, midomo ikitazama chini. Nikafurahi, na Omari akaiona furaha yangu.

"Ngoja kwanza," akasema, akanionyesha mkondo. Nguzo za uzio wa samaki zilikuwa zimechomekwa kutoka ukingo huu hadi ule, nyingine zimevunjwa katikati. Na kweli, mvuvi mmoja wa Idete tuliyemkuta chini kidogo, maji yanakoelekea, alituthibitishia kwa uchungu: "Yule bwana wenu alitufungia mto mzima. Sisi huku tukawa tunavua maji matupu."

Heri nisingeuona uzio ule, nilijiambia. Lakini nilikuwa nimetumwa kuona.

Kisha tukaenda kambi ya Benedikto, na hapo ndipo harufu ilipotupokea kabla ya kitu kingine. Chanja haikuwepo, fito zake tulizikuta zimeungua nusu katika jivu. Bila shaka siku ya mwisho, alipoona uvivu kwenda kutafuta kuni, alipikia chanja yenyewe. Omari akashuka majini, maji yakamfika kiunoni, akauvuta mgono wa kwanza. Sitakueleza kilichokuwa ndani. Akauvuta wa pili, akauvuta wa tatu, kisha akaacha kuvuta, akasimama tu akiwa ameushika ule wa mwisho, na maji meusi yakimchuruzika mkononi.

Nikasema, kwa kuwa nilifundishwa kwamba asiyekuwepo hutafutiwa udhuru, "Pengine aliugua. Pengine aliitwa ghafla."

"Hakuugua," Omari alijibu polepole. "Nilikuwepo mimi. Nilikuja kununua, akaona mtumbwi wangu una nafasi, akapanda. Ifakara kulikuwa na harusi, watu walikuwa wanamngoja aanzishe nyimbo. Nilimuuliza, je, mitego? Akasema, 'Wataiona wenzangu.' Na wenzake walikuwa wameshaondoka."

Mwanangu, ushahidi mmoja ni kama mguu mmoja wa kigoda. Tukaenda hata kwenye kambi yake ya mwaka uliotangulia, ambayo mafuriko hayakuifikia vizuri. Katika tope tulikuta mbavu za migono, na ndani yake miiba ya samaki, myeupe.

Tuliporudi, Mzee Ngwila aliitisha baraza na kutuamuru tuseme tulichokiona, chote, mbele ya wahusika wenyewe. Nikaeleza habari za uzio wa Kasiani. Omari, kwa haki yake, akaeleza habari za migono ya Benedikto. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyoizoea. Kisha mzee akawageukia wawili wale ili wajibu.

Kasiani alisimama. "Ni kweli," akasema. "Nilifunga mkondo wote. Tamaa. Watu wa chini walikuja wakanitukana, nikaubomoa. Sikuubomoa kwa wema. Niliona aibu." Akakaa.

Watu wakaguna. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe na wewe mwenyewe wakiri!" Wengine wakaitikia kwamba mtu wa namna hiyo atawafungia hata njia ya kwenda kisimani.

Benedikto aliposimama alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Jamani, ndugu zangu! Serikali inamlipa mwalimu afundishe watoto, yeye amekwenda kunusa mto!" Vicheko. "Samaki wale niliwaachia mamba. Au mamba wa Kilombero wao si majirani? Mwaka mzima wanatuvumilia tunaoga mbele yao, hata sadaka wasipate?"

Baraza zima lilianguka kwa kicheko, mwanangu, na mimi mwenyewe midomo ilinicheza. Hapo ndipo Mzee Ngwila alipoupiga upondo chini, mara moja tu.

"Mnacheka," alisema. "Nami napenda kicheko, nimecheka sana katika maisha yangu. Lakini angalieni mlichocheka. Wawili wameulizwa. Mmoja amewapa jibu baya la kweli, mkamguna. Mwingine hakuwapa jibu lolote, mkamshangilia. Kumbe mnataka nini kwa mtu mnayemuuliza?" Akatuelekea sisi tuliotumwa, kwa kuwa alikuwa amesikia sauti yangu ikichangamka nilipomaliza habari za Kasiani na zamu ya Benedikto ikafika. "Na ninyi, hamkutumwa kutafuta uchafu. Mlitumwa kutafuta mtu. Uchafu kila mmoja wetu anao. Tazameni anaufanya nini akionyeshwa."

Kisha akawaambia wachague. Uchaguzi wetu ulikuwa wa kujipanga: aliyemtaka mtu alisimama nyuma yake, mchana, machoni pa jirani zake. Nilikwenda nikasimama nyuma ya Kasiani kwa niaba ya nyumba ya Tekla, na baada ya kusita kidogo Omari, ambaye hakuwa na shamba wala sauti, alikuja akasimama kando yangu, pembeni ya mstari. Lakini mstari wa Benedikto ulipinda mpaka nyuma ya ghala. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Tukawapa.

Kasiani ndiye aliyeuokota upondo na kumkabidhi aliyemshinda. "Mkondo wa kati umehama mwaka huu," alimwambia. "Usiuamini."

Masika yalipofika yalikuwa mazito. Maji yalipanda usiku mmoja kuliko yalivyozoea kupanda kwa juma zima, na asubuhi Benedikto akatoka na mtumbwi mkubwa. Nakuambia haki yake: alifanya kazi. Alirudi na watu mara nyingi, mitumbwi mingine ikimfuata, akiimba, na sisi tuliosimama ukingoni tukaimba naye. Wanawake walimpigia vigelegele. Mchana ulipogeuka aliuchomeka upondo matopeni, akashuka, akapokelewa kwa mikono mingi.

Nilipenya mpaka nikamfikia. "Dungu la Tekla je?"

"Wako salama, mwalimu. Lile dungu ni refu. Maji yakituliza hasira, kesho asubuhi nitamfuata."

"Uliita, akaitika?"

"Aliitika," alisema, na akanishika bega kwa upendo. Nilimwamini. Mkono ule ulikuwa wa moto, na macho yake yalinitazama sawasawa.

Kasiani alikuwa nyuma yangu, akimwaga maji kutoka mtumbwi wake mdogo. Alikuwa amevusha jamaa zake wote. Aliwageukia wapiga makasia waliokuwa na Benedikto akauliza, kwa ukavu wake uleule, "Nani kati yenu amemsikia Tekla akiitika?"

Mmoja wao akakiri. Hawakuwa wamefika kule. Maji yalikuwa makali, wakageuza.

Kasiani hakumlaumu mtu. Aliupindua mtumbwi, akauingiza majini. Nikamkimbilia, nikaushika ukingo ili nipande.

"Shuka, mwalimu."

"Ni dada yangu!"

"Ndiyo. Na wewe una uzito kuliko yeye na mwanawe. Ukikaa wewe, mmoja wao atabaki. Shuka."

Nikashuka. Nimeambiwa maneno mengi mazuri maishani, mwanangu. Sijaambiwa lililo zuri kuliko hilo.

Nikakaa ukingoni na Omari, aliyekuwa amefunga duka na kuja aliposikia habari za maji. Alikuwa na tasbihi mkononi, wala hakunitania. Nyimbo zilikuwa zimenyamaza. Tuliyatazama maji ya hudhurungi yakipita na magogo na mashuke ya mpunga. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mwalimu. Ile migono."

Nilikuwa nikiifikiria hiyohiyo.

Jua lilikuwa limeinama tulipouona mtumbwi. Kasiani alikuwa amesimama nyuma, akisukuma kwa upondo mfupi. Tekla alikuwa katikati, na mtoto kifuani pake akilia, na sijapata kusikia muziki unaoshinda kilio kile. Lakini miguuni pa Tekla alilala Mama Rozina, bibi mjane aliyelima shamba la jirani na kukimbilia dungu la Tekla, lake lilipozama. Alikuwa amelowa tangu usiku, na kanga yake kavu ya mwisho alimvika mtoto. Alipofikiwa alikuwa bado anapumua. Alikata roho mapajani mwa Tekla, karibu na kuuona ukingo.

Mtu mmoja alimuuliza Kasiani, kwa nia njema, kwa nini alihatarisha mtumbwi mdogo kwa mzigo wa maiti. Alimtazama kama asiyemwelewa. "Nilimwita," alisema. "Aliitika."

Katika mazishi Benedikto alilia kuliko sote. Naamini machozi yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana nakusimulia habari hizi kwa uangalifu. Hakuwa mtu mwovu. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini ulifanya kazi palipokuwa na macho ya kuuona. Penye matete na giza la mvua, ambako hapana wa kupiga vigelegele, ulisinzia. Uongo alioniambia aliusema kwa kunihurumia, na huruma ile ingemuua dada yangu. Baada ya arobaini aliurudisha upondo mwenyewe, na safari hii watu walijipanga bila kuambiwa. Kasiani aliushika kwa miaka mingi, akiwa mkavu vilevile. Siku alipozeeka na kuuacha, tulikwenda asubuhi mtoni tukakuta mitumbwi yote imepinduliwa juu ya magogo, nyufa zimezibwa, na chini ya mtumbwi wa kwanza kulikuwa na mzigo wa kuni kavu.

Basi sikiliza, mwanangu. Rais ni mkuu wa mitumbwi ya watu asiowajua kwa majina, na wengi wao hulala katika dungu la mwisho. Kwa hiyo usimpime mgombea kwa jinsi anavyoingia. Kila mtu huingia vizuri. Fuata nyuma yake hadi kwenye kambi alizokwisha kuzihama: kazi aliyoiacha, watu aliokuwa juu yao na sasa hawana cha kumpa wala cha kumwogopa. Tazama kama aliacha kuni au aliichoma chanja. Ukimkuta na kosa, kwa maana utalikuta, usishangilie na usilifunike. Mpelekee, usikilize atakavyojibu. Anayekiri kwa uchungu unaweza kushauriana naye kesho. Anayekuchekesha ili usahau swali lako ameshakuonyesha atakachokufanyia siku utakapouliza ukiwa ndani ya maji. Wala usiende kumchunguza usiyempenda peke yake. Nenda kwa wote, tena uende na Omari wako, mtu asiyefikiri kama wewe, awe macho yako pale upendo unapokutia ukungu. Na ukishindwa kwa wingi wa watu, ushindwe kama Kasiani: okota upondo, umpe aliyeshinda, mwonye kuhusu mkondo, kisha mtumbwi wako mdogo usiuweke mbali na maji.

Utakaposimama mbele ya karatasi ya kura, faraghani, hapatakuwa na anayekutazama. Hiyo nayo ni kambi unayoihama.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona nyuma ya kicheko, na moyo usiochoka mahali pasipo na vigelegele. Nyumba yako isikose ukuni mkavu. Na siku maji yatakapopanda, kama hayana budi kupanda, jina lako liitwe, na anayeliita asiondoke mpaka uitike. Amina.